Kocha Hakungoja Mtu

Kocha hakuwa kocha wa chochote. Hakuwa na cheti, hakuwa na filimbi, na hakuna klabu ya baiskeli iliyowahi kumwandika popote. Alikuwa Mrundi wa miaka sitini na kitu aliyesafisha ofisi za katikati ya jiji, na kila Jumamosi alfajiri alitukusanya kwenye maegesho ya gereji moja huko Villawood, hapa Australia, na kutuamuru tuendeshe baiskeli mpaka miguu ikome. Nani alimpa cheo hicho sijui. Nilipofika mara ya kwanza nilimkuta anaitwa Kocha, nami nikamwita Kocha, na kwa miaka minane sikumwita jina lingine.

Wapo watu wanaomkumbuka kwa wema, na hawasemi uongo. Mama mmoja wa kanisani kwao alipolazwa hospitali ya Westmead, Kocha alimpelekea uji kila siku kwa wiki tatu, treni mbili kwenda na mbili kurudi, na hawakuwa hata ndugu. Akisali, aliwataja wagonjwa mmoja mmoja kwa majina na hakumruka mtu. Harusini alilia kabla ya mama wa bibi harusi kulia. Hayo yote nimeyaona kwa macho yangu. Mimi simkumbuki kwa wema, na sitajifanya.

Alikuwa mfupi, mkavu, vigimbi vya miguu vimekaza kama vya mtu wa miaka thelathini. Helmeti aliining'iniza kwenye usukani na kuivaa tu akiona gari la polisi. Baiskeli yake aliipigia mswaki, mswaki wa meno kabisa, mnyororo na vidude vyote, kabla hajaoga mwenyewe. Katika nyumba yao ya vyumba viwili, baiskeli ililala chumbani na binti yake akalala sebuleni. Ukimuuliza, anasema sebuleni kuna unyevu, na unyevu unaleta kutu.

Ulimi wake ulikuwa mbaya. Kila mtu alipewa jina, na jina lilikutafuta pale panapouma. Mimi ni Mkenya, nesi wa nyumba ya wazee, na wakati ule nilikuwa nimejaza mwili kidogo kwa sababu ya zamu na kula ovyo. Siku ya kwanza aliniangalia ninavyopanda baiskeli, akauliza mbele ya watu wote, "Mama Chapati, unasukuma baiskeli ao unasukuma tumbo?" Nikawa Mama Chapati mpaka leo. Mkongo mmoja dereva wa foklifti, aliyependa kuja na kasha la soda baridi, Kocha alimwita Friji. Friji ilimkaa mpaka mkewe naye akaanza kumwita hivyo.

Tulicheka, na hilo ndilo linaloniudhi ninapokumbuka. Kijana mmoja mwanafunzi alikatikiwa na mnyororo kwenye kilima cha kupanda Blue Mountains, akakaa kando ya barabara akalia kwa hasira. Kocha alimpita taratibu, akamwambia, "Lia, lia. Ukimaliza hiyo maji yote utakuwa mwepesi." Tulicheka mpaka nikakosa pumzi. Kijana yule hakurudi tena Villawood, na hatukumpigia simu kumuuliza alifikaje nyumbani.

Kanuni ya Kocha ilikuwa moja tu: hatungojei. Ukipata pancha, ziba. Ukichoka, choka huku unakwenda. Ukisimama umesimama peke yako, na ukifika utatukuta tunakunywa chai. Kanuni hiyo aliitoa kwenye kazi yake ya ujana kwao Burundi. Alikuwa akishusha ndizi kutoka milimani kwenda mjini kwa baiskeli, mikungu sita au saba imefungwa nyuma na ubavuni, breki hakuna, anapunguza mwendo kwa kusugua kandambili za tairi kwenye lami. Vijana waliteremka kwa mstari. Wa mbele akisimama, wa nyuma anamvaa na mzigo wake wote, wanakufa wawili.

"Kule hakuna mtu anasimama," alituambia. "Unasikia mwenzako ameanguka nyuma, unaendelea. Kama ni mzima atakuja. Kama si mzima, wewe utafanya nini? Utamfufua?"

Ilikuwa akili nzuri kwa watu wasio na breki. Sisi tulikuwa nazo, na kwa miaka minane hakuna aliyemwambia hivyo.

Sasa nimtaje binti yake. Esperansi alikuwa mtoto wake wa pekee. Mama yake alizikwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na Kocha alimleta huku akiwa na miaka tisa na hakuoa tena. Alimlea mwenyewe. Alimsuka nywele mwenyewe, vibaya, njia zimepinda kama za panya, na watoto wa shule wakamcheka, na kesho yake akamsuka tena. Hakuna mwanamume wa rika lake niliyemjua aliyefanya hivyo. Lakini tangu nimjue sikuwahi kumsikia akimsifu.

Siku Esperansi alipopata cheti chake cha kuhudumia wagonjwa tulimpikia ukumbini kwa kanisa lao, wali, nyama, ndizi, kila kitu. Kocha akasimama kutoa hotuba. Alimshukuru Mungu, akalishukuru kanisa, akaishukuru serikali ya Australia, akawashukuru wapishi na yule aliyeleta viti, kisha akaketi. Esperansi alicheka kuliko sisi sote. Baadaye nilimkuta jikoni anaosha vyombo vya sherehe yake mwenyewe.

Baiskeli hakuipenda. Aliniambia kwenye treni siku moja, tumebanwa mlangoni, yeye anarudi zamu na mimi naenda. "Dada, I don't even like cycling. Nataka tu baba aniangalie once, aseme, umeweza. Just once." Nilimwambia ajikaze kisabuni, wazee wetu ndivyo walivyo. Ushauri wa kijinga sana, na nilimpa kwa uso wa mtu anayejua.

Safari ya jangwani aliitangaza Kocha bila kumuuliza mtu. Tutakwenda magharibi kabisa, alisema, tuone hii nchi inaishia wapi. Tukaomba likizo, kila mtu kazini kwake. Waendeshaji tulikuwa watatu: Kocha, mimi na Esperansi, wakati huo ana miaka ishirini na minane. Friji aliendesha gari la mizigo. Tuliambiwa mwezi wa tatu joto limepungua. Siku tatu za kwanza zilikuwa za mashamba na miji midogo, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Siku ya nne tulitoka kwenye mji mmoja wa machimbo saa kumi na mbili asubuhi, na mbele yetu kulikuwa na kilomita mia na sitini bila duka, bila nyumba, bila mtandao wa simu, mpaka kituo cha mafuta. Kocha alimwamuru Friji atangulie na gari hadi huko huko.

"Gari ikibaki nyuma, miguu inajua," alisema. "Miguu ikijua kuna gari, inakuwa mvivu."

Nchi ile ni nyekundu na imelala chali. Barabara inanyooka mpaka inakinaisha, kangaruu waliogongwa wamekauka kando, malori ya matrela matatu yanakupita na upepo wake unakusukuma majanini. Kilomita ya thelathini tulikuta mbuzi. Mbuzi mia, pengine zaidi, wanakula vichaka, hakuna mchungaji wala boma. Ndiyo mara pekee siku hiyo Kocha alicheka. Alipinda shingo mpaka karibu aanguke. "Mbuzi yote hii na haina mtu! Hii inchi imebarikiwa ao imelaaniwa?" Esperansi naye akacheka, akapanga nasi mishikaki tutakayochoma, nani atachinja, nani atawasha moto. Sauti yake ilikuwa nzima kabisa.

Kuhusu maji lazima nieleze. Kwao Burundi, kinywaji hufunguliwa mbele ya anayekunywa, na anayekitoa huonja kwanza, ili ijulikane hakina kitu ndani. Ni adabu ya kawaida, ipo kwa wengi wa pande zile. Lakini kambini, ambako mtu akifa ghafla jirani hunyooshewa kidole, Kocha aliigeuza kuwa sheria. Asubuhi ile kama asubuhi zote alikata mihuri ya chupa mbele yetu, akanywa funda moja kwa kila chupa, ndipo akatugawia. Mimi nilishazoea. Niliona ni kichekesho cha mzee.

Saa saba mchana gari lenye nyumba ya kukokota lilipunguza mwendo mbele yetu, mzee mmoja wa Kizungu akapunga mkono dirishani, na Kocha akasimama. Kwa mzee mwenzake alisimama. Mke wa yule mzungu alishuka na dumu la maji lenye barafu ndani, lita tano hivi, limetoka kwenye friji yao. "You poor things," akasema, "keep it, keep it." Kocha alilipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akawaombea baraka za Mungu. Wakaondoka. Alisubiri gari lipotee, kisha akaligeuza dumu.

"Kocha!" nilipiga kelele. "Unafanya nini?"

"Ilifunguliwa wapi?"

"Kwa friji yao! Kwani ingefunguliwa wapi?"

"Nani alionja?"

"Mzee, hii ni Australia bana. Nani atakuwekea sumu huku?"

"Sumu haiulizi pasipoti," akasema, akakung'uta tone la mwisho, akafunga dumu tupu kwenye kibebeo chake maana dumu lilikuwa zuri.

Esperansi aliangalia pale chini palipolowa, barafu imebaki juu ya vumbi, na akalamba midomo. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, nesi mwenye leseni, na nilikuwa na mikono miwili ya kulinyakua dumu lile. Sikulinyakua. Nilijiambia ni heshima. Nilikuwa na nusu chupa na Esperansi alikuwa na mafunda mawili. Nikamnyooshea yangu, akatikisa kichwa kwa sababu baba yake alikuwa anamtazama. Sikumnyooshea mara ya pili.

Kufika saa tisa Esperansi alikuwa ameacha kutoka jasho. Ninaandika hivi kwa sababu nililiona. Nilimruhusu anipite kidogo ili nimwangalie, shingo yake ilikuwa kavu na imeiva, na nilipomuuliza yuko sawa alijibu maneno yaliyoburuta. Nimefundishwa darasani maana ya hayo, nimewafundisha wengine. Akarudi nyuma yangu. Kocha mbele, mimi katikati, yeye nyuma. Haukupita muda nikasikia anaita, "Baba," mara moja, si kwa nguvu.

Kocha aligeuka. Aligeuza kichwa juu ya bega la kulia, akaangalia kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka tatu, kisha akarudisha uso mbele. Mimi pia niligeuka. Esperansi alikuwa ameshuka, ameketi chini kando ya nguzo fupi ya barabarani, helmeti mapajani. Nikajiambia, baba anamjua mwanawe. Ingekuwa vibaya angesimama. Nikaendelea kukanyaga, kilomita ishirini na tano, na maji niliyobaki nayo nikayanywa njiani.

Kituoni Friji alitupokea na chai. Akahesabu vichwa. "Esperansi iko wapi?"

"Anakuja," Kocha akasema.

Nilikwenda chooni kunawa uso. Nilikaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kunawa uso. Nilipotoka, Friji alikuwa ameshachukua ufunguo wa gari, hakuaga mtu. Alimkuta amelala kifudifudi, na dereva mmoja wa lori amesimama juu yake anampepea kwa kipande cha boksi. Alichukuliwa kwa ndege ya wagonjwa. Aliishi. Figo zote mbili hazikuishi.

Ni miaka mitatu sasa. Mara tatu kwa wiki anakaa kwenye mashine ya kusafisha damu huko Westmead, saa nne au tano kila mara, na Jumamosi ni siku yangu ya kwenda naye. Kazi aliacha. Alihama kutoka kwa baba yake, na tangu siku aliyofungua macho hajamwambia baba yake neno ila swali moja, "Uliniona?" Na Kocha alijibu, "Jua ilinipiga machoni."

Jibu hilo alilitoa kwa wazee wa kanisa, akalitoa kwa Friji, akalitoa kwa kila aliyeuliza. Tulikuwa tunaelekea magharibi, saa tisa alasiri. Jua lilikuwa mbele yetu. Anayegeuka nyuma jua linampiga kisogoni, mtoto wa darasa la pili anajua. Esperansi analijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiye aliyekaa chini akiangalia uso wa baba yake ukimgeukia.

Wazee waliniuliza na mimi. Nikasema nilikuwa nimeinamisha kichwa, sikugeuka, nilidhani tuko naye. Esperansi nilimwambia hayo hayo, nimemshika mkono kitandani. Aliniamini. Macho yake yalikuwa kwa baba yake tu, na kichwa kimoja kilichogeuka kilimtosha.

Kocha alikwenda kupimwa ampe figo. Madaktari walisema umri na presha havimruhusu, na nilipompelekea Esperansi habari hiyo alikasirika hata kabla sijamaliza. "Sitaki figo yake, dada. I want him to answer me. Akisema aliniona, hata kama hakujali, basi nitajua mimi si mwendawazimu. I can live with that. Hii siwezi." Nikamwahidi nitalipata jibu. Kwa nini niliahidi sijui. Labda nilitaka kuwa mtu mzuri kwa bei rahisi.

Jumamosi iliyopita, kabla ya zamu yake ya mashine ya mchana, aliniendesha mpaka kwa baba yake akabaki garini, ng'ambo ya barabara. Nilikuwa sijaonana na Kocha karibu mwaka. Magoti yamemwisha, anatembelea fimbo, na kazi ya kusafisha ofisi walimwachisha. Aliniandalia bugali na lengalenga, yaani ugali na mchicha, akaniambia nimepungua. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia jambo zuri, nikatamani asingelisema.

Sikuzunguka. "Mzee, Esperansi yuko nje. Hataingia. Anataka jibu lake, na mimi na wewe tunajua jua lilikuwa wapi."

Alitafuna tonge lake mpaka mwisho. Hakukasirika.

"Nilimuona," akasema. "Alikuwa amekaa. Niliona vizuri sana, hata mkono alikuwa ameinua kidogo hivi."

"Na hukusimama."

"Nilisema ndani ya roho yangu, nyuma yangu kuna nesi. Mimi nimesomea ndizi. Nesi ndiye anajua kama mtu amechoka ao mtu anakufa. Basi nikasikiliza." Akanawa vidole. "Nilisikiliza nisikie breki yako. Baiskeli yako ilikuwa inalia pale kwa mnyororo, kri, kri, kri. Haikukatika. Nikasema, kama nesi haisimami, si kitu. Nikaendelea."

Mbona hukuwaambia wazee, nikamuuliza, mbona hukunitaja?

"Usifikiri nilikuficha wewe," akasema. "Ningesema nilisikiliza mnyororo yako, wangeniuliza: kwani wewe ulimuona? Nilijificha mimi. Wewe ulikuwa tu nyuma yangu." Kisha akanisogezea sahani ya lengalenga. "Kula, itapoa."

Nilikula. Alipokuwa ananifungulia mlango aliniambia nimwambie binti yake yote, yote, nisibakize hata moja. Alishika nguzo ya mlango na uso wake ulikuwa umejaa machozi, na mimi nilimchukia kuliko siku zote nilizomjua.

Nilivuka barabara. Esperansi alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa injini ilikuwa imezimwa.

"What did he say?"

"Amesema alikuona."

"Amesema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Alikuona vizuri. Hata mkono ulivyouinua."

Aliweka kichwa juu ya usukani akalia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, mabega yanashuka kidogo kidogo. Nilikuwa na maneno mengine mdomoni, machache tu, yanatosha kusemwa kabla hajafuta macho. Akainuka, akanishika shavu kwa mkono wake wenye plasta ya sindano.

"Asante, dada," akasema. "Watu wote walinidanganya. You're the only one who didn't."

Nikafunga mkanda, nikamwambia awashe gari, atachelewa mashine.